Mama Kiti Anaondoka na Kosa Lisilo Lake

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mhariri wetu wa vitabu vya watoto atakabidhi ufunguo wa chumba namba sita baada ya kuitumikia nyumba hii ya uchapishaji miaka thelathini na miwili na miezi mitano. Vijana mnamfahamu kwa jina la Mama Kiti. Wengi wenu mnadhani mnajua jina hilo lilikotoka.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike ukurasa mchangamfu, wenye vichekesho viwili vitatu, watu wasome huku wakinywa chai. Nitajaribu. Lakini niseme mapema jambo moja. Katika faili la mama huyu kuna kosa moja kubwa ambalo si lake, na mwenye kosa ni mimi ninayeandika, msahihishaji prufu mnayeniita Bwana Hodi kwa kuwa hupiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Kuanzia Jumatatu ndimi niliyeteuliwa kukalia nafasi yake. Nikifika chini ya ukurasa nitakuwa nimelisema lote au nitakuwa nimekimbia. Najijua, kwa hiyo msiniwekee dhamana.

Alianza hapa kama mpiga taipu, katika kile chumba cha chini ambacho mashine ya kuchapia ikiwaka vikombe hutembea vyenyewe mezani. Alipewa wiki mbili za majaribio. Siku ya tatu alipanda ngazi bila kuitwa, akamwambia mhariri wa wakati ule kwamba katika hadithi aliyopewa kupiga taipu, sungura amekufa ukurasa wa nne na anakula karoti ukurasa wa tisa. Mhariri alikasirika, kisha akafungua ukurasa wa tisa, kisha akasogeza karatasi zake ili mpiga taipu apate pa kuweka mkono. Hakurudi chini tena.

Miaka ishirini na minne iliyopita alianzisha mfululizo wa Wapenda Maneno, na kama nyumba hii ina kitu cha kujivunia mbele ya watu, ndicho hicho. Ni vitabu vya picha, kurasa thelathini na mbili kila kimoja, vinavyowasimulia watoto maisha ya watu waliopenda maneno kama wengine wanavyopenda mpira. Kuna mkunga aliyekusanya nyimbo za kubembelezea watoto. Kuna fundi wa kuandika vibao vya maduka aliyekataa kuchora herufi mpaka mwenye duka amweleze maana ya jina lake. Kuna mama aliyetunga kamusi kwenye migongo ya vikaratasi vya dawa. Vitabu arobaini na kimoja, vyote vimepita mikononi mwake. Alikuwa na imani moja tu, na aliirudia mpaka tukaichoka: mtoto hapendi neno kwa kuambiwa alipende, hulipenda akimwona mtu mwingine analipenda.

Kila rasimu aliibeba mwenyewe hadi darasa la pili la shule ya jirani, akawasomea watoto. Ukurasa ambao watoto watatu waligeukia dirisha, aliukata. Waandishi walimlilia, wachoraji walimnunia, mmoja akaapa hatakanyaga tena ngazi zetu. Alirudi baada ya mwezi, na ukurasa mpya mkononi.

Alikuwa na taratibu mbili nyingine, na hapa ndipo kosa langu linapoanzia.

Ya kwanza ni ya picha ya mwisho. Hakutaka makaburi kwenye vitabu vya watoto. Kwa hiyo kila kitabu kilifungwa kwa picha ya kiti kitupu cha yule mtu, na vitu vyake juu yake: miwani, kofia, labda kitambaa. Chini yake uliandikwa mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Watoto walielewa. Ya pili ni ya kwenda kukaa. Maisha ya mtu hayakuingia mashineni mpaka mmoja wetu aende nyumbani kwao, akae na familia, awasomee rasimu yote. Ukirudi ulijaza fomu yenye maswali manne: ulikutana na nani, ulikaa wapi, ulikunywa nini, familia imesahihisha nini. Watu walicheka swali la tatu. Yeye alisema mtu aliyekaa kweli kwenye nyumba ya watu hakosi kukumbuka alichokunywa.

Miaka kumi na mmoja iliyopita ililetwa rasimu ya karani wa posta. Mzee huyu alikaa miaka arobaini nyuma ya dirisha dogo akiwaandikia barua wasiojua kuandika. Kila alipokutana na namna mpya ya mtu kumwambia wa mbali kwamba anamkumbuka, aliomba ruhusa, akainakili kwenye daftari. Alikuwa na madaftari kumi na saba. Mwandishi wa kitabu aliwahi kukutana naye zamani na kumpiga picha nyumbani kwake, kisha akasikia kwenye foleni ya benki kwamba amefariki. Akaandika hivyo. Kazi ya kuhakiki nikapewa mimi. Nilikuwa mwaka wangu wa pili hapa, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mke wangu ana mimba ya miezi saba.

Nilifika. Naapa nilifika. Lilikuwa geti la bati, rangi ya kijani, na nyuma yake palikuwa na mbwa. Jamani, si mbwa wa kuwekwa kwenye kitabu cha watoto. Nilipiga hodi moja, ndogo, ya mtu anayeomba asisikike. Mbwa akapenyeza mdomo chini ya geti na nikaona meno yote, hata yale ya nyuma. Nilisimama pale robo saa, jasho likinitiririka, nikijiambia kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kisha nikaondoka na kicheko changu.

Fomu niliijaza kwenye benchi la kituo cha basi. Ulikutana na nani? Binti wa marehemu. Ulikaa wapi? Sebuleni, karibu na dirisha. Ulikunywa nini? Chai, kikombe kimoja, sukari nyingi. Familia imesahihisha nini? Hakuna. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu. Niliipeleka chumba namba sita, naye akaisoma, akanipa pole ya safari, akatia sahihi karatasi ya kuruhusu uchapaji.

Zilichapwa nakala elfu tano. Wiki ya tatu baada ya kupelekwa mashuleni, mtoto wa darasa la tatu alirudi nyumbani, akaweka kitabu mapajani mwa babu yake, akamuuliza: "Babu, hapa wanasema ulishakufa. Sasa anayenipeleka shule kila asubuhi ni nani?"

Siku nne baadaye mzee alikuja ofisini. Shati limepigwa pasi, fimbo mkononi, miaka themanini na mmoja. Alimwuliza dada wa mapokezi ofisi inayoshughulikia vifo iko wapi. Dada akamwambia kwa upole kwamba hapa ni vitabu tu, babu, vifo ni hospitali. Mzee akatikisa kichwa: "Hapana, mjukuu wangu. Mimi nimefia hapahapa."

Nilikuwa kwenye ngazi, niliyasikia kwa masikio yangu. Damu ilinikauka. Niliingia stoo ya karatasi, nikajifungia, nikachuchumaa nyuma ya marobota. Ukuta wa stoo ile ni mbao tupu, kwa hiyo nilisikia kila neno mzee alilomwambia mama. Nilimwomba Mungu mzee apige kelele, maana anayefoka huchoka na huenda zake. Hakufoka. Alisema anaogopa. Kiti kile kwenye picha kilikuwa chake kabisa, na mto wake ulishonwa na marehemu mkewe. Mchoraji alikuwa ameuiga kutoka kwenye ile picha ya mwandishi mpaka kiraka. Tangu alipokiona hajaweza kukikalia. Siku ya nne hiyo anakula amesimama. "Miwani ipo," alisema, "kofia ipo. Mimi sipo. Nikikaa pale nitakuwa nimekalia nini?"

Mkurugenzi wa wakati ule aliitwa. Akauliza nani alitumwa kuhakiki. Nikaacha kupumua. Mama akajibu kwamba karatasi ya kuruhusu uchapaji ina sahihi moja, na sahihi ni yake, kwa hiyo kosa ni lake, na asitafutwe mwingine. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nauli. Nami nikabaki stoo mpaka saa ya kutoka kazini.

Mnayajua yaliyofuata, ila mmeyajua nusu. Alipewa barua ya onyo. Ukuu wa idara, ambao hata mlinzi alijua ni wake, ukapewa mtu wa mauzo. Nakala zikarudishwa kwa gari, shule hadi shule, na ofisi nzima tukakaa siku tisa tukibandika ukurasa mpya juu ya ule wa mwisho. Mimi nilibandika nakala mia saba peke yangu, vidole vikashikana kwa gundi, nikapewa barua ya pongezi kwa moyo wa kujitolea. Ninayo mpaka leo. Siwezi kuitupa wala siwezi kuitazama. Na yeye akapewa jina. Mama Kiti. Usimkaribie Mama Kiti, atakufisha kabla ya siku zako. Mama Kiti akikukaribisha ukae, simama. Kila mkutano wa mwisho wa mwaka mzaha huo umesemwa, naye ametabasamu na kukoroga chai yake. Nilicheka pamoja nanyi. Mara nyingine nilianza mimi.

Ambacho hamkukijua ni Jumamosi zake. Dereva wetu alinisimulia, na mjukuu wa mzee, ambaye sasa ni msichana wa chuo, akanithibitishia. Jumamosi ya kwanza mama alikwenda kwa mzee yule na mbwa akamng'ata kwenye shavu la mguu. Si kumkwaruza, kumng'ata. Jumatatu alikuja na bendeji akasema ameteleza. Jumamosi ya pili alikwenda tena. Dereva anasema pale getini mama alimshika mkono na kiganja chake kilikuwa kimelowa. Tena alimwambia wazi kwamba anaogopa, kisha akapiga hodi kwa nguvu. Ndani alikaa kwenye kigoda, akamsomea mzee madaftari yake mwenyewe, moja baada ya jingine, huku mzee amesimama kando ya kiti, mkono juu ya mgongo wa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa. Wiki sita hakukaa. Jumamosi ya saba, katikati ya daftari la kumi na moja, miguu ilimchoka na neno likamnogea, akakaa bila kujua. Mama aliendelea kusoma mpaka daftari likaisha.

Ukurasa mpya tulioubandika unamwonyesha mzee amekaa; mchoraji alimchora hivyo kabla mwenyewe hajaweza kukaa. Aliishi miaka sita mingine. Alipofariki kweli, familia iliuliza kama sasa picha ya zamani irudishwe. Mama akasema hapana, aachwe amekaa. Tangu hapo hakuna kitabu chetu kinachofungwa kwa kiti kitupu.

Sasa kuhusu mimi. Jumatatu ile ya bendeji aliniita chumba namba sita. Fomu yangu ilikuwa mezani. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba yule mzee ana kisukari, na nyumba ile haijaingia sukari miaka tisa. Kisha akaiweka fomu kwenye droo ya chini, akafunga kwa ufunguo, akaniambia gundi imeisha, niende nikanunue. Basi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawasemi kwamba ukifika mwisho wake unaweza kukalishwa hapo miaka kumi na mmoja. Kila aliponiita nilijua ni leo. Alipokohoa nilijua ni leo. Alipofungua droo ile kutafuta pini nilitafuta kisingizio cha kutoka nje. Wala hakuwahi kunitisha. Alichofanya ni kwamba kila palipokuwa na nyumba ya kwenda kukaa, alinichukua, akasimama nami getini, akaniachia mimi nipige hodi. Sebule kumi na nane tumekaa pamoja. Nimejifunza kazi yangu kwenye viti vya watu, na yeye pembeni yangu.

Wiki iliyopita alianza kuhamisha vitu vyake na kunikabidhi funguo za droo. Siku hiyohiyo, alipotoka kwenda kunywa chai, nilifungua droo ya chini. Ilikuwa tupu. Nawaambieni, tupu ile ilinitisha kuliko fomu yenyewe. Nani anayo? Ameipeleka kwa mkurugenzi? Ameiweka kwenye makabidhiano? Siku mbili sikumeza chakula kikashuka, na mke wangu akadhani naogopa cheo kipya.

Ndipo nilipoandika ukurasa huu. Lakini kila kitu kinachochapwa humu ndani, hata tangazo la choo kibovu, lazima kipite mezani kwake kwanza. Jumatatu nikauweka wasifu wake mbele yake, wenye geti, mbwa, benchi na sukari, nikatoka mbio nisione uso wake. Jumanne niliukuta mezani kwangu. Aya zote zinazonitaja alikuwa amezikata kwa penseli nyekundu, mstari ulionyooka kwa rula. Pembeni ameandika: "Ondoa. Mepesi yanatosha. Una watoto watatu shuleni." Na nyuma, kwa pini, ameibana fomu ile. Yenyewe, na mwandiko wangu mzuri.

Nilikaa nayo. Hakuna nakala nyingine, na hakuna mtu mwingine anayejua. Ningeweza kuichana pale pale, nipeleke kwa mpangaji kurasa wasifu wenye sungura na karoti, na Ijumaa nipige makofi kama ninyi. Kusema kweli ilinijia furaha, furaha kubwa, mwili mzima ukalegea. Furaha hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi ya mbwa, zaidi ya stoo, zaidi ya droo. Niliona mtu atakayekaa chumba namba sita miaka mingine ishirini, akitia sahihi maisha ya watu, naye ni mimi.

Nikashuka kwa mpangaji kurasa nikamwambia arudishe kila kilichokatwa na aongeze haya mapya. Akaniuliza, kwa hofu, kama Mama Kiti amekubali. Nikamwambia hapana, amekataa. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepatwa na homa. Jana nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza yote kwa mdomo wangu. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema atanijulisha. Hajanijulisha. Sijui kama Jumatatu nitakuwa na meza chumba namba sita au meza yoyote. Fomu nimeibandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na birika la chai, asome anayetaka.

Mshereheshaji wa Ijumaa ameniambia ana mzaha wa kufungulia shughuli, na sote tunaujua. Auseme akipenda. Ila asimtazame yeye. Ageuke kushoto, safu ya pili, atanikuta nimekaa, roho mkononi, na mke wangu ameshika koti langu nisitoke.

Mama yetu, shikamoo. Tunakushukuru kwa watoto wote waliojua kwamba neno linaweza kupendwa, na kwa wazee wote uliowasomea maisha yao wakiwa hai. Mimi nakushukuru kwa miaka kumi na mmoja ya mkate wa wanangu, ambayo uliilipia kwa jina lako. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu, na Jumamosi zisizo na mbwa. Nenda salama, uishi sana. Ukurasa huu umechapwa bila ruhusa yako, kwa hiyo makosa yaliyomo ni yangu.